Eliya Chini ya Mretemu

Somo: 1 Wafalme 19



Kila tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Tunawakumbuka waliokufa, nayo ni haki yao. Lakini sisi wa Kigoma na Ujiji na tujiulize: je, shujaa aliyerudi akiwa hai, naye tunamkumbuka?

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Askari wa JWTZ pamoja na mgambo walipigana hata Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Waliorudi walipokelewa kwa vigelegele. Vijana wale leo ni wazee. Wapo pia wadogo zao waliokwenda kulinda amani ng'ambo ya ziwa letu, Kongo ya Mashariki. Huko Semuliki, tarehe 7 Desemba 2017, wenzao wapatao 15 waliuawa.

Wako waliorudi nyumbani, lakini vita havikuwaacha. Radi ikipiga juu ya ziwa, mtu anajitupa chini. Usiku anapiga kelele, nyumba nzima inaamka. Mchana hataki watu. Jioni anatafuta pombe ili asahau. Sisi tuliozeeka katika ualimu tumeona mtoto akisinzia darasani, na ukimwuliza kwa upole, anajibu: "Baba halali usiku." Majirani nao husema nini? Amerogwa. Damu aliyoimwaga inamdai. Hata Wakristo wengine husema imani yake ni haba.

Basi tumtazame Eliya. Alitoka Karmeli, mahali pa ushindi na pa damu. Muda si mrefu twamkuta jangwani chini ya mretemu, akiomba afe. Je, nabii huyu alikosa imani? Angalieni Mungu alivyomtendea. Hakumkemea. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akapewa tena. Kule Horebu Mungu akamwuliza, akamwacha aseme yaliyo moyoni, tena mara mbili. Mwisho akampa kazi, akampa na mwenzake, Elisha.

Ndugu, hayo ndiyo yatupasayo. Tumtembelee mzee wetu, tumpe shikamoo yake, tuketi naye. Akitaka kusimulia, tusikilize hata kama tulishasikia jana. Asipotaka, tusimlazimishe. Tumpe kazi kanisani kadiri awezavyo, maana mtu asiyehitajiwa huzama upesi. Wala tusimsahau mkewe, ambaye naye amekesha miaka mingi.

Tena tusiogope hospitali. Kiwewe cha vita ni ugonjwa ambao madaktari wanaujua, na unatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, na kwa dawa inapobidi. Tumsindikize Hospitali ya Maweni. Ikihitajika zaidi, iko Mirembe, Dodoma. Akisema anatamani kufa, tusidhani ni maneno ya pombe tu. Asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo. Kufanya hivyo si kupungukiwa na imani. Mungu aliyemtuma malaika ndiye aliyempa na mkate.

Tuwaombee mashujaa waliolala. Na yule aliye hai, jirani yetu, tubishe hodi mlangoni kwake wiki hii, kabla Julai haijafika.

Bwana awape amani. Amina.