Goti la Bolasie na Kambi ya Gilgali

Somo: Yoshua 5:2-12

Neno hili ni kwenu ninyi mlioko Nakivale, Kyaka na Kyangwali mnaosomewa karatasi hii chini ya mti, na ninyi wa hapa Kampala, wa Katwe, Nsambya na Makindye.

Leo nitaanza na mpira. Najua kuna wazee watakaokunja uso, na mama mmoja ameshaniambia kwamba mchungaji wa kweli hajui majina ya wachezaji. Mnivumilie. Nitafika Gilgali, lakini njia yangu inapita Katwe, katika kibanda cha video.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 5 Septemba 2017. Nilimfuata mwanangu kule kibandani ili nimrudishe nyumbani akafanye masomo yake. Nikakuta Leopards wanacheza na Tunisia kule Kinshasa, kutafuta nafasi ya kwenda Kombe la Dunia Urusi. Nilimshika mtoto mkono, nikatazama mara moja, nikakaa. Basi, nimeungama.

Congo ilikuwa inaongoza 2–0. Watu walikuwa wamesimama juu ya mabenchi. Kisha Tunisia wakarudisha magoli yote mawili, ikawa 2–2, na kibanda kikanyamaza kama nyumba ya msiba. Kimya hicho kilipokatika, jina la kwanza nililolisikia halikuwa la mtu aliyekuwa uwanjani. Lilikuwa la Bolasie.

Wengi wenu mnamjua. Yannick Bolasie alizaliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1989, wazazi wake Wakongo, akakulia London. Ni mtoto wa watu waliohama, kama watoto wetu. Agosti 2016 Everton walimnunua kutoka Crystal Palace kwa paundi milioni 25. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo, wakicheza nyumbani na Manchester United, akaumia goti, ile kano kubwa ya ndani ikakatika. Akakosa Kombe la Afrika la Gabon, Januari 2017, ambalo Cranes ya wenyeji wetu walilifikia baada ya kukaa nje miaka 39. Leopards wakaongoza kundi lao bila yeye, kisha Ghana wakatutoa robo fainali 2–1. Sasa ilikuwa Septemba, mwezi wa tisa tangu aumie, naye bado hajaonekana.

“Amepona, anaogopa tu,” alisema baba mmoja. Mwingine akasema, “Anakula pesa ya Wazungu, Congo ni ya nini kwake?” Wa tatu akadai kwamba ndugu yake wa Ulaya amemwona akitembea vizuri kabisa. Anatembea! Na mtu anayetembea ameshindwa nini kukimbia? Kijana mmoja aliyekaa chini, ambaye mguu wake ulivunjwa njiani alipokuwa akikimbia kutoka Masisi, akauliza polepole kama kuna yeyote kati yao aliyewahi kuumia goti. Hakuna aliyemjibu. Waliendelea kupiga kelele mpaka mwenye kibanda akazima jenereta.

Mwishoni mwa mashindano yale Tunisia walikuwa na pointi 14, sisi 13. Pointi moja tu ilitunyima Urusi. Mnaweza kuelewa hasira ya watu wale.

Baadaye nilimwuliza dada mmoja wa kanisa letu anayesomea mazoezi ya viungo, nikajifunza jambo ambalo limenisumbua mpaka leo. Kano ile ikikatika, haijiungi yenyewe. Daktari huchukua kipande cha kano kutoka mahali pengine katika mwili wa mtu yuleyule, akakifunga ndani ya goti. Kipande hicho hakikai vilevile. Mwili hukivunja kwanza na kukijenga upya, hata katika mwezi wa pili au wa tatu huwa dhaifu kuliko siku kilipowekwa. Na tazameni: ni wakati huohuo uvimbe umekwisha, maumivu yamepungua, mgonjwa ametupa magongo na majirani wanasema amepona. Kwa macho ni mzima, ndani ndipo alipo dhaifu zaidi. Aliniambia pia juu ya utafiti uliotolewa Norwe mwaka 2016: kila mwezi mmoja wa kungoja kabla ya kurudi mchezoni, mpaka kufikia miezi tisa, ulipunguza karibu nusu hatari ya kuumia goti tena.

Wenye umri wangu wanakumbuka Ronaldo wa Brazili. Aliumia goti Novemba 1999 akiwa Inter. Tarehe 12 Aprili 2000 akaingizwa katika fainali ya kombe la Italia dhidi ya Lazio, na baada ya dakika chache goti likaachia akiwa peke yake na mpira, hakuna aliyemgusa. Msimu wote uliofuata hakucheza.

Sasa tufungue Yoshua sura ya 5.

Israeli wamevuka Yordani. Maji yalikuwa yamefurika, Mungu akayazuia, na wafalme wa Waamori wamesikia na mioyo yao imeyeyuka kwa hofu. Yeriko iko pale mbele. Kama ningekuwa jemadari ningesema: twende leo, adui anatetemeka! Yule baba wa kibandani naye angesema hivyohivyo. Lakini Bwana anamwambia Yoshua afanye visu vya mawe na kuwatahiri wanaume wote waliozaliwa jangwani. Jeshi lote linatiwa jeraha mbele ya macho ya adui. Na mstari wa 8 unasema jambo dogo ambalo nililisoma miaka mingi, hata katika shule ya Biblia, bila kuliona: walikaa kambini mpaka walipopona.

Mungu hakusahau hatari. Katika Mwanzo 34 tunasoma jinsi watu wa Shekemu walivyotahiriwa, na siku ya tatu, wakiwa bado wana maumivu, Simeoni na Lawi wakawaingilia kwa upanga na kuwaua wote. Kila mzee wa Israeli aliijua habari hiyo, kwa maana waliofanya hivyo walikuwa baba zao. Hata hivyo wanalala pale Gilgali na majeraha yao, wala hakuna nabii anayepita hema kwa hema akiwaambia kwamba mwenye imani angekuwa ameshasimama. Bwana aliyeuzuia mto angeweza kuwaponya kwa saa moja. Aliwaacha wapone kama watu wanavyopona.

Wapendwa, sisi watu wa kambi tunajua kukaa kambini. Tunafikiri kukaa ni laana na kuondoka ni baraka. Gilgali ni kambi pia, na kukaa kule kulikuwa utii.

Hapa lazima niseme habari yangu, na mwenye habari ameniruhusu, mradi nisimtaje jina. Kulikuwa na dada katika kwaya yetu, sauti yake mliijua hata ninyi wa Nakivale mliokuja kwenye semina. Alimzika mtoto wake hapa Kampala, mbali na makaburi ya watu wake. Jumapili ya tatu baada ya msiba nikaenda nyumbani kwake. Sikwenda kuomboleza. Nilikwenda kumwambia kwamba kwaya imelegea, kwamba tuna wageni mwezi ujao, kwamba kumwimbia Bwana ni dawa ya huzuni. Nikamwambia pia, Mungu anisamehe, kwamba Shetani hupenda watu wakae ndani. Akaja, akaimba. Kanisa likalia, likapiga makofi, wageni wakasema huu ni ushindi. Nami nikaandika katika karatasi hiihii kwamba dada yetu amerudi.

Alikuwa amesimama tu. Baada ya wiki mbili hakuja tena. Hakuja kwaya, hakuja ibada, hakufungua mlango nilipobisha. Ikawa hivyo zaidi ya mwaka mmoja. Nilikuwa nimemwingiza uwanjani na kano yake mbichi, kwa sababu kanisa langu lilihitaji goli.

Je, mitume walifanya hivyo? Someni 2 Timotheo 4:20. Paulo anasema alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Basi, amemwacha. Hasemi kwamba Trofimo amepungukiwa imani, na Paulo huyo ni mtu ambaye mikono yake iliponya wengi. Someni pia Wafilipi 2:25-30. Epafrodito aliugua karibu kufa, na kilichomwongezea taabu ni kujua kwamba watu wa kwao wamesikia anaumwa. Mgonjwa hubeba ugonjwa wake na maneno ya watu pia. Paulo anawaandikia Wafilipi wampokee kwa furaha na kumheshimu. Hawaambii wamwulize amerudi kwa nini.

Mtu ataniuliza: mchungaji, je, hakuna wanaojificha nyuma ya jeraha? Wapo. Yule wa birika la Bethzatha alikuwa katika ugonjwa wake miaka 38, na Yesu alimwuliza kama anataka kupona. Swali hilo ni halali. Lakini angalieni aliyeliuliza: ni yeye aliyeweza kuponya, naye alimwuliza mtu mwenyewe, uso kwa uso. Makutano wakiuliza swali hilohilo kutoka kwenye mabenchi, linakuwa jiwe. Goti la Bolasie lilikuwa na daktari wake. Kibanda cha Katwe hakikuwa na picha ya goti lile.

Na kuna jambo la pili katika sura hii, nalo ndilo gumu kwetu. Bolasie alipokuwa kitandani alikuwa bado mtu wa Everton, mwenye mkataba. Mama anayetembeza vitenge kutoka asubuhi mpaka jioni juani hana mkataba na mtu. Akifiwa, akivunjika, akiugua moyo, akikaa siku tano, siku ya sita watoto hawali. Tukimwambia “pumzika, dada, Bwana anakuelewa,” kisha tukaenda zetu, tumempa maneno matupu, na Yakobo 2:15-16 anatuhukumu. Tazameni Gilgali tena: mstari wa 12 unasema mana ilikoma baada ya kula mazao ya nchi, yaani baada ya Pasaka. Siku zile walizolala na majeraha, mana ilikuwa bado inashuka. Mungu alipowaamuru wakae, aliwalisha wakiwa wamekaa.

Kwa hiyo wazee wa kanisa hapa Kampala tumepatana hivi: mtu wetu akifiwa au akifanyiwa upasuaji, nyumba saba zinazomzunguka zitagawana siku za juma, kila nyumba siku yake, unga wa posho na maharage, kwa miezi mitatu. Si nyama wala soda. Tumeanza na nyumba mbili. Mara moja siku ya Alhamisi ilisahauliwa, tukagombana. Ninyi wa kambini mnaopimiwa chakula, nami najua kilivyopunguzwa, mtaona wenyewe linalowezekana.

Nigusie na habari ya kurudi Congo, maana barua zenu zinaiuliza. Goma ilipochukuliwa na M23 Januari 2025, na Bukavu Februari, baadhi ya waliokuwa wanawacheka wenzao kwa kukaa Uganda walinyamaza. Mimi siwaambii msirudi kamwe. Nchi ni yetu, na makaburi ya mama zetu yako huko. Nasema tu kwamba baba anayepanga kurudi, na baba anayesema bado, wasiitane mwoga na mpumbavu mezani pa Bwana. Kila mmoja analijua goti lake.

Bolasie alirudi uwanjani tarehe 26 Desemba 2017, siku 387 baada ya kuumia, dhidi ya West Bromwich. Ilikuwa 0–0. Hakuwa tena yule wa kwanza pale Everton. Walimwazima kwa klabu nyingine, moja baada ya moja. Lakini alicheza Uturuki, na mwaka 2024, akiwa na miaka 35, alikuwa Brazili na Criciúma, bado anakimbia pembeni. Ile Desemba nilipita kibandani (safari hii bila kisingizio cha mtoto) na kusikia yule baba akisema kwamba tangu mwanzo yeye alijua kijana atarudi.

Dada yetu naye anakuja ibada sasa. Anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mara nyingine hutoka kabla ya mahubiri. Nilikwenda kwake kumwomba msamaha, akanisikiliza, akanipa chai, hakusema neno juu ya hilo. Mwalimu wa kwaya ameacha nafasi yake katika sauti ya pili, mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto. Wageni huuliza kwa nini kuna pengo pale. Jumapili iliyopita, wakati wa wimbo wa sadaka, aliyekaa mbele yake aligeuka ghafula, kisha akageuza uso wake haraka kuelekea madhabahu. Hatujamwuliza dada yetu lolote.

Ndimi mchungaji wenu, Kampala.