Zaid Aliporudishiwa Jina

Muislamu anayetaka kumchukua mtoto aliye chini ya uangalizi wa serikali huambiwa mapema kwamba dini imekataza kuasili. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Kilichokatazwa katika Sura ya Al-Ahzab ni kumbandika mtoto nasaba isiyo yake, malezi hayakuguswa. Zaid, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, alirudishiwa jina la baba yake, Haritha, na sura hiyohiyo ikamtaja kwa jina, jambo ambalo hakulipata sahaba mwingine yeyote. Na Mtume mwenyewe, yatima, alilelewa na ami yake Abu Talib bila kuacha kuwa mwana wa Abdallah.

Wapo watakaosema kwamba kwa mpango huo mtoto atajiona mgeni. Siku ya kuandikishwa shule, kwenye mstari wa jina la baba, litaandikwa jina ambalo nyumbani hakuna wa kuliitikia. Uchungu huo upo, siukatai, ila cheti kipya cha kuzaliwa chenye jina la mlezi hakiuondoi, huuahirisha tu. England na Wales, zilizoanza kuasili kisheria mwaka 1926, ziliishia mwaka 1975 kuwafungulia waliokwisha kufikia utu uzima rekodi zao za kuzaliwa. Kafala, yaani malezi yasiyobadili nasaba ya mtoto, ambayo Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unaitaja na sheria ya watoto ya Kenya ya 2022 inaitambua, haimfichi mtoto asili yake tangu mwanzo.

Lililo gumu zaidi ni la mtoto aliyeokotwa, asiyejulikana baba. Huyo naye aya ya Al-Ahzab haikumsahau: ni ndugu katika dini. Salim, aliyekuwa mwana wa kupanga wa Abu Hudhaifa, alibaki akijulikana kwa kunasibishwa na nyumba ile, kama maula wake, yaani mtu aliyefungamana na nyumba hiyo bila kuwa mwana wa nasaba. Kuhusu mirathi, kweli mtoto wa kulea si mrithi, lakini mlezi anaweza kumuusia hadi theluthi ya mali, na zawadi anayompa akiwa hai na mzima haina mpaka huo. Kwa hiyo anayelalamika kwamba dini imemzuia kumwachia chochote mtoto aliyemlea miaka 15, mara nyingi hajazuiwa na mtu. Hajaandika wasia, na karatasi na mashahidi wawili hawako mbali.