Mgeni na Kawa



Mfikirie mgeni aliyengoja chakula tangu asubuhi. Harufu ameisikia. Sahani imeletwa, imefunikwa. Anafunua kawa, na uso unamshuka.

Januari 2019, mjini Geneva, Uswisi, wapenzi wa saa walikuwa wageni wa namna hiyo. Kampuni ya saa ya Audemars Piguet, iliyotuletea saa ya Royal Oak mwaka 1972, ilifunua saa mpya: Code 11.59. Uso mtupu, wapenzi wale wakasema. Tarakimu hazina mvuto, wakasema. Walisema kwa uchungu, na uchungu ule nauheshimu. Asiyekupenda hakai kukungoja.

Ila wengi waliishia usoni. Ubavuni, katikati ya duara, palijificha umbo la pembe nane, kazi ya kutia moyo fundi yeyote.

Kampuni haikuitupa saa ile. Ilirudi jikoni. Baadaye zikaja nyuso nyingine, zenye viwimbi vinavyotoka katikati, kama maji yaliyoangukiwa na kijiwe.

Leo kazini, nawe utafunua kawa mbele ya mtu. Akikunja uso, usiondoe sahani upesi. Muulize alikuwa akingoja nini.