Kosa la Kuchanganya Lugha

Mjukuu wangu alikuja kunitembelea hapa Miyuji wakati wa likizo, na jioni moja, nikiwa nimekaa chini ya mwarobaini, nilimsikia akizungumza na mwenzake kwa simu: "Bwana, nilikutext hukureply, ndiyo nikaamua kukucall." Zamani mtoto aliyechanganya lugha namna hiyo mbele yangu angeandika sentensi sahihi mara hamsini kabla ya kwenda nyumbani. Jioni ile sikusema neno. Nilibaki nikiichambua sentensi yake, kwa mazoea ya mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote.

Hebu itazame nawe, ndugu msomaji. "Nilikutext" ina kiambishi cha nafsi, kisha cha wakati uliopita, kisha cha mtendwa, na mwisho mzizi. "Hukureply" hakusema "hujareply", kwa kuwa alikuwa akisimulia jambo lililokwisha kupita. Tofauti hiyo ya "hukuja" na "hujaja" nilikuwa nikiifundisha darasa la sita kwa wiki nzima, na bado wapo walioikosea. Kijana ameazima mizizi ya Kiingereza, lakini sarufi yote ni ya bibi yake.

Sisi walimu wa rika langu tulilelewa kuamini kwamba kuchanganya lugha ni kosa la tabia, si la sarufi tu. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kutoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, nasi tukasema kuwa lugha iliyoweza kumbeba Shakespeare haina haja ya kuombaomba maneno kwa jirani. Aliyechanganya tulimwona mvivu, au mwenye majivuno, au asiyeipenda nchi yake. Imani ile bado naipenda. Lakini haikuitazama vizuri historia ya lugha yenyewe. Neno kitabu lilitoka kwa Waarabu, na kwa kuwa lilianza na ki- tukalipatia wingi wake, vitabu. Meza tuliipata kwa Wareno, shule kwa Wajerumani. Madereva waliposikia "keep left" ya Waingereza walipata kipilefti, na vikiwa vingi ni vipilefti. Waliosikia "mudguard" wakasema madigadi, na walipotaka moja tu wakasema digadi. Hakuna baraza lililowaagiza kufanya hivyo.

Basi ningeweza kuishia hapo na kumwachia mjukuu wangu lugha yake. Vijana hutumia mseto huo pia ili sisi wazee tusiwaelewe, nami sioni ubaya mkubwa. Tunachokosa ni umbea tu. Lakini siwezi kusema kwamba kosa halipo kabisa, kwa sababu mimi mwenyewe nililitenda.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja upande wa Bahi. Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yalipofika, binti mmoja mwenye akili sana hakuwemo. Baba yake, mfugaji, alikuja ofisini. Tulisalimiana kwa Kigogo, kisha akaniuliza kwa Kiswahili mwanawe amekosa nini. Jibu la kweli lilikuwa rahisi: hakukosa kitu, alifaulu, ila nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Lakini kwa miaka saba nilikuwa nimewaambia wazazi kwamba mtoto akijitahidi ataendelea mbele, na kwa ahadi hiyo wengine waliacha kuwapeleka watoto machungani. Nilishindwa kumtazama usoni na kusema vinginevyo. Nikamwambia: "Mzee, binti alijitahidi, lakini hakufika cut-off point." Akaitikia kwa kichwa, akaaga.

Yule mzee alisikia "hakufika". Kwa akili yake timamu akaelewa kwamba kuna mahali paitwapo Katofu Pointi, ambapo binti alitakiwa kufika siku fulani, na kwamba hakufika kwa kuwa wao hawakupewa habari. Aliuza mbuzi, akapanda treni hadi Dodoma mjini, akaulizia Katofu Pointi ili ampeleke mtoto hata kama amechelewa. Aliulizia stesheni, akaulizia sokoni. Siku ya pili karani mmoja, baada ya kucheka, ndiye aliyemweleza.

Aliporudi alipita shuleni. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, kumbe si mahali."

Mzee yule alikielewa Kiswahili vizuri kuliko nilivyokitumia mimi. Maneno matatu ya Kiingereza niliyoyachomeka mle sikuyachomeka kwa kukosa ya kwetu. Ningeweza kusema "alama za kuchaguliwa" na angeniuliza swali la pili, na la tatu. Nilichokuwa nikikikimbia ni lile la tatu. Dereva wa kipilefti aliazima neno ili aeleweke. Mimi niliazima ili nisieleweke, na mzee aliyalipia kwa mbuzi wake.

Nilimkumbuka mwaka juzi katika mkutano wa mtaa. Tangu serikali ilipohamia Dodoma kwa nguvu baada ya mwaka 2016, viwanja na barabara ndiyo mazungumzo yetu ya kila siku. Mtaalamu mmoja kijana alituambia, kwa adabu nzuri, kwamba "walio ndani ya road reserve hawako entitled kwa compensation." Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami akaniuliza, "Mwalimu, amesema tutapewa?" Nikasimama nikamwomba kijana arudie kwa Kiswahili. Alinitazama kidogo. Kisha akasema, polepole na bila kutafuta neno hata moja: "Walio ndani ya hifadhi ya barabara hawatalipwa fidia." Makofi hayakurudi. Mkutano ulichafuka, na sidhani kama kijana yule amenisamehe. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, mtu asihukumiwe kwa maneno asiyoyajua. Lakini hakuna sheria inayoweza kukaa katika kila mkutano chini ya mti.

Habari ya mbuzi nilimsimulia mjukuu wangu jioni ileile. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanyamaza.

"Sasa babu, uliapologize?"

Nikamwambia mzee alifariki mwaka 1993.

"Na binti?"

Binti yupo. Ni bibi sasa, ana meza ya mboga soko la Majengo. Kila nikienda mjini hununua mlenda mkavu kwake, na sijawahi kumwomba apunguze bei. Huniamkia, "Shikamoo, mwalimu," tunaulizana habari za mvua. Jambo lile hatujalizungumza.