Mgeni na Jembe

“Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.” Wengi huyadhani haya kuwa maneno ya uchoyo, sivyo. Mwanafunzi wa Japani apokewapo katika nyumba ya watu Mpanda huweza kuuzoea ugali upesi. Akikatazwa kuteka maji, atabaki mgeni hata mwaka uishe, kwani asiyeshiriki kazi hana neno nyumbani.

Lakini je, jembe latosha? Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa mashamba Katumba, na baadaye Mishamo. Walilima, wakauza tumbaku, wakazaa, wakazika. Hati za uraia zilianza kugawiwa mwaka 2014: ukarimu mkubwa, nakiri, ambao nchi chache zimeuthubutu. Ila kufikia hapo waliozaliwa Katumba walikwisha kuwa wazazi, na kwa maoni yangu aliyekuwa bado hajazoea ni mwenyeji.