Ukitua Entebbe, Usimalize Siku Kwenye Kiti

Wanangu mnaosafiri, tangu shirika la ndege la Uganda lifufuliwe mwaka 2019, wengi wenu mnaotoka Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa mnapitia Entebbe mkielekea Dubai au Mumbai. Mara nyingi ndege ya pili haiondoki hadi baada ya saa nyingi. Mkirudi nawauliza mliona nini, mnanijibu: "Tulikaa tu uwanjani." Jibu hilo linanisikitisha. Mmefika ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika, katika mji wenye historia inayotuhusu, mkaangalia simu mpaka chaji ikaisha. Nataka safari yenu ijayo iwe tofauti.

Kwanza, pigeni hesabu ya muda kwa uaminifu. Tuseme umetua saa tatu asubuhi, na ndege yako inaondoka saa kumi na moja jioni. Usijidanganye kwamba una saa nane. Toa saa moja ya foleni ya Uhamiaji na kutoka nje. Toa saa tatu za mwisho, kwa kuwa msafiri wa kimataifa hutakiwa kufika mapema, na pale Entebbe abiria hushushwa garini akaguliwe kabla hata hajalifikia jengo. Zimebaki saa nne, nazo zina njia ya kwenda na kurudi ndani yake. Hizo ndizo zako. Ukizijua hutahangaika, wala ndege haitakuacha.

Kabla hujaondoka nyumbani, hakikisha mambo matatu. Pasipoti iwe hai; raia wa Tanzania au Kenya hahitaji kulipia viza kuingia Uganda. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano uwe nayo mkononi, si ndani ya begi kubwa. Kisha uliza kaunta, siku unayokabidhi mizigo, kama itafika moja kwa moja mwisho wa safari au utatakiwa kuichukua Entebbe. Swali hilo dogo limewaokoa wengi.

Sasa, wapi pa kwenda? Kampala itawavuta. Iko kama kilomita 40 tu, na tangu 2018 kuna barabara ya kasi. Lakini barabara ya kasi inakufikisha kwenye foleni za jiji, na foleni haijui saa ya ndege yako. Kwa saa nne, iacheni Kampala. Mshika mawili moja humponyoka. Chagueni jambo moja katika Entebbe yenyewe, mlifanye kwa utulivu.

Mimi ningewapeleka bustani ya mimea, kilomita chache kutoka uwanjani. Ilianzishwa mwaka 1898, serikali ya kikoloni ikijaribu mazao ya kigeni kabla ya kuyasambaza. Leo ni miti mirefu iliyoshuka hadi ufukweni, na mbega weusi kwa weupe wanarukaruka juu yake. Tembeeni polepole, mwombeni mwongozaji awaonyeshe miti na kuwaeleza kazi zake. Anayependa wanyama aende kituo cha elimu ya wanyamapori, karibu na hapo, ambako wanatunzwa wanyama waliookolewa mikononi mwa majangili na wasafirishaji haramu. Visiwa vya ng'ambo, kama Ngamba wanakotunzwa sokwe mtu, vina uzuri wake, ila mashua inataka nusu siku nzima. Msiviguse mkiwa na saa chache.

Ziwani mtatamani kuoga. Msioge. Ziwa Victoria lina kichocho, na ugonjwa huo hauonekani majini. Kaeni ufukweni, agizeni sato mzima wa kukaanga, lakini agizeni mapema, maana samaki mzuri hupikwa kwa nafasi. Na mwangalie mawingu: mvua ya ziwa hunyesha kwa ghafla. Ikweta yenyewe inapita ziwani, kilomita chache tu kusini, kwa hiyo jua la adhuhuri nalo si la mchezo.

Kuna jambo ninalotaka mlijue kuliko hayo yote. Entebbe ilikuwa makao ya serikali ya kikoloni ya Uganda hadi uhuru mwaka 1962. Katika uwanja wake wa zamani, mwaka 1976, abiria wa ndege ya Ufaransa walishikiliwa mateka, na usiku wa kuamkia Julai 4 makomandoo wa Israeli wakaja kuwaokoa. Na Aprili 1979, katika vita vya kumwondoa Idi Amin, mtawala wa Uganda, wanajeshi wa Tanzania waliuteka mji huu, siku chache kabla ya kuingia Kampala. Vijana wa umri wenu walitoka kwao, wakatembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na baadhi hawakurudi. Mtanzania anayepita Entebbe bila kulijua hilo amepita juu ya jasho la babu zake. Simameni kidogo, wakumbukeni.

Wakumbukeni bila majivuno. Waganda waliumia zaidi kuliko mtu yeyote katika miaka ile. Mkiwakuta, waamkieni kwanza. Semeni "Oli otya, ssebo" kwa mwanamume, "Oli otya, nnyabo" kwa mwanamke, na mkihudumiwa semeni "Weebale." Mkimwona mwanamke akipiga magoti kumsalimia mkubwa wake, msicheke wala msimpige picha, hiyo ni heshima yao, kama sisi tunavyowapa wazee shikamoo. Ulizeni nauli kabla ya kupanda bodaboda, mkubaliane, na mkifika lipeni mlichokubaliana.

Wanangu, mji mdogo haumlazimishi mgeni autazame. Hauna majengo ya kushangaza wala kelele za kukuita. Unahitaji mtu anayeuliza na kusikiliza. Ndiyo maana nasisitiza: mtu aliyejifunza kuuheshimu mji wa saa nne atajua kuishi katika nchi ya ugenini kwa miaka minne. Huko Ughaibuni mnakokwenda kusoma na kufanya kazi, tabia hiyo itawafaa kuliko nguo mlizofungasha.

Basi mkisikia tena kwamba ndege ya pili ni jioni, msinung'unike. Pigeni hesabu, chagueni jambo moja, waamkieni wenyeji, na saa ya kurudi ikifika, rudini bila kujiongezea hata dakika. Mwenyezi Mungu awatangulie kwenda na awarudishe salama.