Miezi Miwili

Mfalme Hezekia alipougua karibu ya kufa, aligeukia ukutani akalia, naye Mungu akamwongezea miaka 15. Machozi yale tunayakumbuka. Tunachosahau ni ule mkate wa tini ambao nabii Isaya aliagiza ubandikwe juu ya jipu. Jibu la maombi lilikwisha kutoka, na dawa ikabandikwa vilevile.

Hezekia amenijia kwa sababu ya utafiti wa saratani ya tumbo uitwao RAINBOW, uliochapishwa mwaka 2014. Walioshiriki walikuwa wagonjwa 665 kutoka nchi 27, watu ambao tiba ya kwanza ilikwisha kushindwa kuuzuia ugonjwa wao. Wote walipewa paklitakseli, dawa ya kemotherapi. Watu 330 wakaongezewa ramusirumabu, inayouzuia uvimbe usijioteshee mishipa ya damu ya kujilisha. Wale wengine 335 waliongezewa dripu isiyo na dawa hiyo. Kura ndiyo iliyowagawa, na si mgonjwa wala daktari wake aliyejua nani kaangukia wapi.

Katika kundi la dawa mbili, nusu ya wagonjwa walivuka miezi 9.6 wakiwa hai; katika kundi la pili, miezi 7.4. Miezi miwili na siku chache. Nayo ilikuwa na gharama, kwani chembe nyeupe za damu zilishuka vibaya kwa wengi zaidi, na presha ikapanda.

Miezi miwili tu? Nami niliguna hivyo mara ya kwanza. Kisha nikakumbuka vitanda nilivyoketi kando yake. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniomba nimwombee miaka 15. Mmoja alitaka afike Pasaka. Mama mmoja alitaka mahindi yake yavunwe akiwa bado anaweza kukaa barazani na kugombana na wavunaji.

Lakini wanaonishika moyo ni wale 335. Walitia sahihi wakijua kura ingeweza kuwapa dripu tupu, wakarudi wiki baada ya wiki kuchomwa sindano. Bila wao, kila aliyevuka mwezi wa tisa angesemwa kaponea ramusirumabu, na hakuna ambaye angeweza kubisha.

Majina yao sina. Jumapili hii, kwenye maombi ya shukrani, nitaitaja hesabu yao.